Nafasi iliyobaki kwenye kanda

Swali: Shikamoo mjomba. Naandika kutoka Ngamiani, Tanga. Tuko sita tunaopenda muziki wa soul, ule wa Wamarekani weusi, na wa indie, na tuna kundi letu la WhatsApp. Mtu akigundua wimbo anautupia humo, lakini ukweli ni kwamba hakuna anayesikiliza cha mwenzake, tunawekeana vidole na mioyo tu. Juzi nilituma orodha ya nyimbo 50 za soul iliyonichukua miezi kuikusanya. Nikapata moyo mmoja, tena baada ya sekunde kumi, maana yake hata hakuifungua. Nifanyeje wenzangu wasikie ninachokisikia mimi? Na zaidi ya yale majina makubwa, mtu anachimba wapi?

Marahaba mwanangu. Huyo wa sekunde kumi usimlaumu sana. Nyimbo 50, tufanye kila mmoja dakika tatu na nusu, ni karibu saa tatu. Umempa mwenzako zamu ya lindo halafu unangoja akushukuru. Na bila shaka wewe mwenyewe umewahi kutumiwa orodha kama hiyo. Ulifika namba ngapi?

Niruhusu nikurudishe nyuma kidogo, enzi za kanda, maana jibu langu nililipata huko kabla sijajua kwamba kuna swali.

Huko Ngamiani yako kulikuwa na vibanda vya kurekodi kanda. Ulinunua kanda tupu, ukaandika majina ya nyimbo kwenye kipande cha karatasi, ukamwachia fundi na pesa yake, ukarudi kesho. Kanda ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, na nyimbo za dansi hazikuwa fupi. Ukipanga tano au sita, mwishoni panabaki dakika mbili tatu ambazo hazitoshi wimbo mwingine wa dansi. Mafundi wengi waliiacha nafasi hiyo ipite kimya, unasikia fuuu mpaka redio ijizime. Fundi wangu mimi alikuwa hapendi kimya kile. Aliijaza kwa wimbo anaoutaka yeye, bila kukuuliza na bila kuuandika kwenye kasha.

Nilikuwa nimepeleka orodha ya Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi zetu za hapa hapa Tanga, na Simba Wanyika, ambao nao ni wetu ingawa Nairobi iliwachukua. Ndugu Wilson na George Kinyonga walitokea Jamhuri. Upande wa kwanza ukaisha na magitaa ya Wanyika. Mimi niko kitandani, nimeshanyoosha mkono nigeuze kanda, ndipo likaja gitaa jingine kabisa, linadondoka taratibu kama maji ya bomba bovu, na mwanamume anayeimba kama mtu anayeshikilia mlango usifungwe. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, cha kujibu maswali ya ufahamu. Lakini nilielewa anaomba. Tarumbeta zikawa zinapanda, naye anapanda nazo, ngazi moja, ngazi nyingine, anafika juu kabisa ambako unajua sasa ama atalia ama ataanguka. Kacha! Kanda imeisha.

Mwisho wa wimbo ule sikuusikia kwa miaka mitatu. Wala jina lake sikulijua mpaka niliporudi kwa fundi. Akacheka, akaniambia ndiyo, huyo ni Otis Redding, na yeye ana santuri yake, kama nautaka mzima nilete kanda nyingine. Ndivyo nilivyoingia kwenye soul, kwa wimbo wa mwaka 1965 uliorekodiwa na Stax, lebo (yaani kampuni ya kutoa santuri) ya kule Memphis, Marekani, kupitia shimo la dakika mbili alilochoka kulisikia kimya fundi mmoja wa barabara za Ngamiani. Redding mwenyewe alikuwa ameshakufa zamani, ndege ilianguka ziwani Desemba 1967, akiwa na miaka 26.

Sasa tazama alichokifanya yule bwana. Alinipa wimbo mmoja. Aliuweka mgongoni mwa nyimbo ambazo tayari nazipenda, wakati masikio yamefunguka. Na alinyamaza. Hakuniambia kwamba utabadilisha maisha yangu, wala kwamba mimi sijui muziki kama sijausikia. Kundi lenu la watu sita linakosa yote matatu, na mimi hapa nitakaa zaidi kwenye hilo la pili kwa sababu ndilo lenye utamu.

Wimbo mgeni unahitaji mwenyeji. Mtu wa Tanga ana sikio lake tayari, hata awe kijana wa simu. Amekulia kwenye taarab, ama ya nyumbani ama ya jirani. Mji huu ndio uliozaa Black Star Musical Club, waliochukua gitaa la umeme na besi miaka ya 1960 wakaviingiza kwenye taarab, na baadaye Lucky Star, na sauti ya Shakila binti Said ikapita humo humo. Sikio lililolelewa na hao linajua kungoja. Linajua kwamba kabla ya mwimbaji kusimama kuna bashrafu, vyombo vinazungumza peke yao, na hakuna anayeuliza mbona haimbi.

Basi mimi nilipotaka kumsikilizisha dada yangu mkubwa muziki wa vijana, sikuhangaika na nyimbo fupi za kurukaruka. Nilimwekea Michael Kiwanuka, kijana aliyezaliwa London kwa wazazi wa Uganda, ule wimbo wake wa "Cold Little Heart" wa mwaka 2016. Wengi wanaujua ule uliokatwa, uliotumika kwenye tamthilia ya televisheni. Mzima ni kama dakika kumi, na Kiwanuka mwenyewe haanzi kuimba maneno mpaka karibu dakika ya tano. Kabla ya hapo ni vinanda vya nyuzi, gitaa na sauti za kuitikia. Vijana wawili waliokuwepo walishaanza kupapasa simu. Dada yangu alikuwa anachambua mchele, mikono ikapunguza mwendo, kisha ikasimama juu ya ungo. Kiwanuka alipofungua mdomo, dada akasema, "Alaa, kumbe yupo." Akaendelea na mchele. Mpaka leo ananiuliza habari za "yule wa bashrafu." Nimemwambia albamu iliyofuata ilichukua tuzo ya Mercury ya Uingereza mwaka 2020, hakuonekana kushangaa.

Aliyekulia kwenye dansi mpitishe mlango mwingine. Yeye anangoja chemko, ile sehemu ya mwisho ambapo maneno yamekwisha na magitaa yanachanganya. Mpe Khruangbin, watu watatu wa Texas ambao nyimbo zao nyingi hazina maneno ya maana, gitaa ndilo linalosimulia. Ile namna gitaa linavyorudia kitu kidogo kimoja mpaka kinakuwa kikubwa, masikio ya Wanyika yanaielewa bila mkalimani. Na mpenzi wa taarab ya mafumbo na vijembe mpe mwimbaji wa soul Sharon Jones, ambaye anapomwambia mwanamume ukweli wake hamung'unyi maneno.

Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza kabla ya kubonyeza kutuma: mtu huyu mmoja, jana alikuwa anasikiliza nini? Ukishindwa kujibu, usitume. Na ukituma, mtumie yeye, pembeni, kwa jina lake. Kwenye kundi kila mmoja anadhani mwingine atasikiliza, kama maji ya choo cha wapangaji.

Kisha umwonyeshe mahali. Si habari ya wimbo mzima, mahali pamoja tu. Chukua "Ain't No Sunshine" ya Bill Withers, ya mwaka 1971, wimbo wa dakika mbili ambao pengine wote sita mnadhani mnaujua. Pale katikati anarudia maneno mawili, "I know", mara 26 mfululizo. Alikuwa amekusudia kuandika beti nyingine pale, wenzake studio wakamwambia acha hivyo hivyo. Na wakati huo Withers alikuwa bado mfanyakazi wa kiwanda, anatengeneza vyoo vya ndege. Kwenye jalada la albamu amesimama kiwandani na kisanduku chake cha chakula mkononi. Sasa ukimwandikia mwenzako "wimbo mkali sana huu sikiliza", hujamwambia kitu. Mwandikie: "hesabu anasema 'I know' mara ngapi." Atasikiliza kwa ajili ya kuhesabu, na akifika ya kumi na tano hivi atasahau kuhesabu. Hapo ameingia.

Ila kuna jambo moja silipendi na watu wa soul wanalo sana, mimi nikiwemo zamani: kumtanguliza mtu kwa mateso yake. Charles Bradley alitoa albamu yake ya kwanza mwaka 2011 akiwa na miaka 62, baada ya maisha magumu na miaka ya kuigiza James Brown jukwaani. Sharon Jones aliwahi kuwa askari wa gereza la Rikers Island, New York. Ni kweli yote, na ni habari nzuri. Lakini ukiisimulia kwanza, msikilizaji anasikiliza kwa huruma, anakaa kama yuko msibani. Bradley ana ule ukelele wake wa kuchanika, uache umfikie mtu ghafla, akiuliza "huyu nani?" ndipo umhadithie.

Nije kwenye kutazamana usoni. Nilifanya kosa hili miaka mingi. Unamwekea mtu wimbo, halafu unamkodolea macho. "Subiri, subiri... hapa! Umesikia?" Hajasikia, amesikia wewe. Ukifika mahali unapopenda, angalia pembeni, menya chungwa.

Ninyi mko mji mmoja, jambo ambalo watu wa WhatsApp wa miji mikubwa wanalitamani. Pangeni siku, tuseme Alhamisi baada ya isha, kwenye baraza ya mmoja wenu. Kila mtu na wimbo mmoja, sita jumla, haizidi nusu saa. Simu zikae kwenye sinia. Jina la mwimbaji lisitajwe mpaka wimbo uishe, na hapo ndipo mzozo uanze, pamoja na kahawa na kashata. Kuna sababu ya kificho hicho. Mtu akijua kwamba huyu ni maarufu, au kwamba huyu hana wasikilizaji hata elfu moja, anasikiliza ile namba.

Hapo inanijia habari ya Waingereza. Miaka ya 1970 kaskazini mwa Uingereza vijana walikuwa wanapenda soul ya Kimarekani iliyoshindwa sokoni, santuri za miaka ya 1960 ambazo kwao Marekani hakuna aliyezinunua. Walisafiri usiku kwenda kucheza mpaka alfajiri. Ukumbi wa Wigan Casino ulifanya hivyo toka 1973 hadi 1981. Sasa ma-DJ wao walikuwa na choyo cha ajabu. Akipata santuri ambayo mwenzake hana, anaifunika ile karatasi yenye jina pale katikati ya santuri, anaupa wimbo jina la uongo na mwimbaji wa uongo, ili asipatikane wa kuutafuta. Mojawapo ya santuri zilizopita katika dunia hiyo, ya Frank Wilson ya mwaka 1965, iliuzwa mwaka 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000 kwa sababu nakala zinazojulikana ni chache mno, unaweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Utasema ni uroho. Ni uroho. Lakini ngoja: wimbo wenyewe walikupigia, tena kwa sauti kubwa, mkiwa mmejaa ukumbini. Walichoficha ni karatasi. Sisi leo tunafanya kinyume, karatasi tunagawa kwa wote, jina, picha, linki, na wimbo hakuna anayeupiga. Nikilazimishwa kuchagua, nitakaa na wale wachoyo.

Upande wa vifaa sitakuchosha. Spika ndogo ya simu haitoi besi, haiwezi, ni ndogo mno. Na soul bila besi ni wali bila nazi, unashiba lakini hukumbuki ulikula nini. Azimeni spika moja yenye tumbo, au angalau mwambie mwenzako avae za masikioni. Na fikirieni bando. Wimbo wa sauti tu, ubora wa kawaida wa kilobiti 128 kwa sekunde, unakula kama megabaiti moja kwa dakika. Video ya wimbo huo huo itakula mara kadhaa ya hapo. Mwenzako aliyeweka moyo bila kufungua pengine alikuwa na megabaiti 40 za kumfikisha kesho.

Kuhusu kuchimba. Watu wanangoja programu iwapendekezee, na programu inawapa kinachofanana na cha jana. Mimi nasoma majina madogo, yale ya nyuma ya jalada: nani kapiga besi, nani kapiga dramu, lebo gani. Nikupe mfano wa mnyororo mmoja. Kwenye kundi lenu hakosekani anayempenda Amy Winehouse. "Back to Black" ya mwaka 2006, nyimbo kadhaa humo zimepigwa na bendi inayoitwa Dap-Kings. Hao Dap-Kings ndio waliokuwa bendi ya Sharon Jones. Lebo yao ni Daptone ya Brooklyn, ilianza 2001, inarekodi kwenye tepu kama zamani. Ukiingia kwenye lebo hiyo unamkuta Bradley. Umetoka kwa mtu anayejulikana na dunia nzima ukafika kwa mzee wa miaka 62 kwa hatua tatu, na kila hatua ina sababu unayoweza kumweleza mwenzako.

Ukitoka hapo, ifuate lebo ya Colemine ya Ohio, ndiko utakakomkuta Durand Jones na bendi yake ya The Indications, ambamo mpiga dramu, Aaron Frazer, naye anaimba kwa sauti nyembamba ya juu mpaka ukadhani ni santuri ya 1970. Kwa soul ya zamani iliyozikwa, Numero Group ya Chicago, tangu 2003, kazi yao ni kufukua lebo ndogo za miji midogo zilizokufa bila kelele, na kuzitoa upya na maelezo ya nani alikuwa nani. Mtoto wa Tanga aliyekulia mji wenye bendi zake mwenyewe ataguswa na hizo, naamini.

Indie, kwa masikio ya Ngamiani, inasikika kama India. Nimewahi kuambiwa na shangazi mmoja "tuwekee basi, mie napenda sana za Kihindi." Ukweli ni kwamba neno hilo halina sauti yake. Linaeleza nani mwenye wimbo: mwanamuziki mwenyewe au lebo ndogo, bila kampuni kubwa nyuma. Kwa hiyo usiishie kwa vijana wa Ulaya wenye magitaa na huzuni. Bagamoyo kuna Msafiri Zawose, mtoto wa marehemu Hukwe Zawose, ambaye mwaka 2017 alitoa "Uhamiaji" kupitia Soundway, lebo ndogo ya London. Ni zeze na ilimba za Kigogo zilizokutana na mashine za umeme. Ukiwapigia wenzako bila kutaja jina, nakuhakikishia mmoja atasema ni watu wa Berlin.

Wengi wa hawa utawapata Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki iliyoanza 2008. Pale unasikiliza albamu nyingi nzima kabla ya kununua, na ukinunua, wao wanakata asilimia 15 ya mauzo ya faili, iliyobaki baada ya gharama za malipo inakwenda kwa msanii au lebo yake. Kuna Ijumaa maalumu, walizianza Machi 2020, ambapo hawakati fungu lao. Mnaweza kuchanga sita mkanunua albamu moja kwa mwezi kwa kadi ya mtandaoni ya simu. Faili mkalipiga barazani, kwenye kundi mkaweka linki. Msilirushe mitaani, mwenye wimbo naye ana kodi ya nyumba.

Umeniomba pa kuanzia. Futa ile orodha ya 50, au ifiche, itakufaa miaka kumi ijayo. Alhamisi ya kwanza peleka "I Can't Stand the Rain" ya Ann Peebles, ya mwaka 1973, nayo ni ya Memphis, dakika mbili na nusu tu. Kama mvua imenyesha siku hiyo, vizuri zaidi. Mwanzoni kabisa kuna mlio, tok-tok, unadondoka kabla ya kitu kingine chochote. Usiwaambie ni ala gani. Wapigie mara moja mpaka mwisho, kisha waulize ule mlio ulikuwa nini: mmoja atasema maji, mwingine atasema marimba, na mtabishana. Ni ngoma za timbale za umeme, lakini jibu hilo libakize mfukoni mpaka wakuombe urudie. Na feni izime kwanza, la sivyo hautasikika.